Krismasi ya Mgeni Ilipotangulia ya Kwetu

Tarehe 24 Desemba 2018, yapata saa kumi na mbili na nusu jioni, nilirudi nyumbani kutoka mashine ya kusaga nikiwa nimelowa hadi magotini. Wanaoifahamu Isongole, hapa barabarani kati ya Mbeya na Tukuyu, wanajua Desemba yetu ilivyo: mvua, ukungu, na baridi inayopenya hata sweta mbili. Umeme ulikuwa umekatika. Nilitegemea kuona moshi jikoni, sikuuona. Ndani, juu ya meza ya chakula, mishumaa minne ilikuwa inawaka, imekwisha nusu, na pembeni yake vilipangwa vifurushi vidogo vilivyofungwa kwa gazeti. Mgeni wetu, binti wa miaka 19, alikuwa amekaa peke yake. Alivaa gauni zuri ambalo sikuwahi kuliona, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Mwanangu, kuna nini? Unaumwa?"

"Hapana, mama. Leo ni Krismasi."

"Krismasi ni kesho."

"Kwetu ni leo," akasema. "Nimewasubiri tangu saa kumi."

Mpenzi msomaji, sitalitaja jina lake, maana sikumwomba ruhusa. Inatosha kusema alitoka Ujerumani, upande wa Saksonia, akafika kwetu mwezi Septemba ili kusaidia shule ya chekechea kwa mwaka mmoja kwa kujitolea. Vijana wa namna hiyo ni wengi. Mwaka 2008 serikali ya Ujerumani ilianzisha mpango uitwao weltwärts, ambao huwapeleka vijana wa miaka 18 hadi 28 katika nchi za mbali kufanya kazi bila mshahara, kwa muda wa miezi 6 hadi 24. Kijana hulala kwa mwenyeji, hula kinachopikwa, hujifunza lugha. Majirani hudhani ugumu wake ni choo cha shimo, kuchota maji na kula ugali kila siku. La hasha. Hayo huzoeleka kwa wiki tatu. Kinachomshinda mgeni ni sikukuu.

Mambo ya tarehe 24

Baadaye ndipo alipotueleza vizuri. Kwao Ujerumani, Krismasi yenyewe huanza jioni ya tarehe 24. Maduka hufungwa mchana, mwisho saa nane hivi. Watu huenda kanisani jioni, kisha hurudi nyumbani, huwasha mishumaa ya mti na kufungua zawadi usiku ule ule. Nyumba nyingi hula chakula chepesi tu jioni hiyo, viazi vilivyopoa vilivyochanganywa na vitunguu na siki, pamoja na soseji. Mlo mkubwa huja tarehe 25, na tarehe 26 nayo ni sikukuu. Ile mishumaa minne ni ya majuma manne ya Majilio, kila Jumapili mmoja. Desturi hiyo ilianzishwa Hamburg mwaka 1839 na mchungaji mmoja, Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa akilea watoto maskini, nao walikuwa wakimsumbua kila siku kwa swali la lini Krismasi itafika.

Kwetu je? Akina mama mnajua. Tarehe 24 ni siku ya kazi kuliko zote za mwaka. Kuna mchele wa Kyela wa kuchambua, kuku wa kukamata, kuni za kukausha maana zimelowa, nguo za watoto za kupiga pasi, nyumba ya kupaka udongo upya, na kwaya ina mazoezi ya mwisho. Asubuhi ile nilimwambia binti apumzike chumbani, asijisumbue. Niliona ni wema. Kumbe nilikuwa nimemfungia nje ya sikukuu, kwa sababu mgeni asiyepewa kisu amenye viazi huachwa akae na mawazo yake.

Nakiri kwamba sikumjibu vizuri. Nilikuwa na sufuria mbili zinazonisubiri na kuku hajachinjwa. Tena mwaka ule nilikuwa na sababu yangu ya kutotaka kukaa kitako hata dakika moja, nitaieleza mbele. Nikamwambia, "Binti, hapa hatuna nafasi ya kulia, kuna kazi." Nikaingia jikoni. Maneno hayo ninayakumbuka mpaka leo.

Aliyeokoa jioni ile ni mama mkwe wangu. Bibi huyu hakusoma zaidi ya darasa la pili, na hajafika mbali kuliko Mbeya mjini. Alikokota kigoda chake hadi mezani, akakaa, akatazama mishumaa, kisha akamwambia mgeni amwimbie wimbo wa kwao. Binti akaimba kwa Kijerumani. Sauti ilikuwa ile ile ya kitabu chetu cha nyimbo, nami kule jikoni nikajikuta nimeacha kupuliza moto. Bibi akaitikia kwa Kinyakyusa, watoto wakaja na Kiswahili. Lugha tatu, na hakuna aliyepotea njia.

Kisha binti akaja jikoni mwenyewe akaniuliza kama kuna viazi. Kumwuliza mtu wa Isongole kama ana viazi ni kama kumwuliza mtu wa Kyela kama ana mchele! Nyuma ya mlango zilisimama gunia mbili za lumbesa. Tukachemsha, tukavipoza kwa kuviweka nje kwenye ukungu, akavikata na vitunguu, na kwa kuwa siki hatukuwa nayo, akakamua ndimu. Soseji hazikuwepo. Bibi alionja, akatafuna kwa muda mrefu, akasema kwamba tangu azaliwe viazi vya baridi hupewa mgonjwa au mbwa, lakini kwa kuwa ni Krismasi ya mtu atavila. Alikula sahani nzima.

Nikolasi wa Isongole

Mambo ya wiki chache kabla ya siku ile yalipaswa kunifungua macho. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Desemba, siku ya Mtakatifu Nikolasi, watoto wa Kijerumani husafisha viatu vyao na kuviweka mlangoni, asubuhi huvikuta vina pipi na karanga. Binti wetu hakutuambia. Alichukua gambuti za wanangu, akazisugua matope yote, akatia peremende ndani. Asubuhi kelele za furaha zilisikika hadi barabarani.

Kesho yake, saa kumi na mbili alfajiri, kulikuwa na gambuti kumi na saba mlangoni pangu. Watoto wa mtaa mzima walikuwa wamesimama nyuma yake kwa mstari, wengine na gambuti moja tu kwa kuwa ya pili ni ya kaka. Peremende hazikuwepo tena. Binti alibadilika rangi. Nikachemsha viazi haraka, kila mtoto akapewa kimoja mkononi. Kijana mmoja wa jirani alikigeuza kiazi chake, akauliza kama Nikolasi wa Isongole ana viazi tu.

Tulicheka, lakini lilibaki neno. Jirani mmoja, mama ninayeshirikiana naye kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, alisema kisimani kwamba siku hizi sisi tuna mzungu wetu, tunamla peke yetu. Wenyeji wenzangu mnaopokea wageni mnalijua sumu yake neno hilo. Watu huona ngozi na kuhesabu fedha. Ukweli ni kwamba mwenyeji hupewa kiasi kidogo cha chakula cha mgeni, na mgeni mwenyewe ni mtoto aliyemaliza shule juzi, anaishi kwa posho. Lakini jirani yangu naye hakukosea yote. Zawadi inayoishia ndani ya nyumba moja, mahali ambapo sinia la chakula hupita nyumba hadi nyumba, ni zawadi yenye kasoro. Hilo mgeni hawezi kulijua mpaka aambiwe, na mimi ndiye niliyepaswa kumwambia.

Siku ya tarehe 25 tulijirekebisha. Baada ya ibada, binti alitaka kwenda kulala, maana ibada ilichukua saa nne na kwaya zilikuwa saba. Nikamshika mkono nikampa sinia la wali na nyama, nikamwambia, "Huendi kulala. Unapeleka hili kwa jirani." Kwa jirani gani, nadhani mmekwisha kujua. Alipiga goti kidogo kama bibi alivyomfundisha, akasema "Mugonile," ingawa ilikuwa saa tisa mchana. Jirani alicheka hadi akashika mlango. Sinia halikurudi tupu, lilirudi na ndizi za kupika na nusu ya kuku.

Wageni si wa leo

Nchi hii ya Rungwe imezoea kupokea watu waliokatwa na sikukuu za kwao. Mwaka 1891 wamisionari wa Moravian, Theodor Meyer na wenzake, walifika chini ya mlima Rungwe wakitokea upande wa Ziwa Nyasa, na mwaka huo huo wale wa Berlin waliingia Unyakyusa. Mji wa Tukuyu wenyewe Wajerumani waliuita Neu-Langenburg. Wale walikuja na mengine pia, na utawala uliowafuata haukuja kwa kujitolea. Lakini hata hao, Krismasi zao za kwanza walikula chakula kilicholimwa na watu wa hapa.

Baada yao walikuja wa aina nyingine. Vijana wa Peace Corps kutoka Marekani walifika Tanganyika mwaka 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, wakiwa kati ya vikundi vya kwanza kabisa duniani vya shirika hilo. Waliondoka mwaka 1969 na kurudi mwaka 1979. Waingereza wa VSO na vijana wa Japani nao wamefanya kazi nchini tangu miaka ya 1960. Walimu wa sayansi, wauguzi, mafundi maji. Mtu akiwauliza wanakumbuka nini, mara nyingi si darasa wala bomba, ni harusi walizoalikwa, Idd waliyokula pilau kwa jirani Mwislamu, na sikukuu waliyoumwa na upweke.

Alfajiri ya Pasaka

Pasaka mwaka 2019 iliangukia tarehe 21 Aprili. Aprili kwetu ni mvua kubwa kuliko ya Desemba, njia zote huwa uji. Jumamosi tulikwenda makaburini na majembe, kufyeka na kuinua udongo uliotitia. Binti alikuja nasi. Nilimwona ametulia sana, hakutoa simu mfukoni. Mwezi Januari, kwenye msiba wa mzee mmoja wa mtaa wetu, alikuwa ametoa simu apige picha ya wanawake waliokuwa wakilia, na mzee mmoja alimkemea mbele za watu. Alilia usiku ule, akisema alitaka tu mama yake aone jinsi watu wa huku wasivyomwacha mfiwa peke yake. Nilimwelewa, na nilimwelewa pia mzee.

Jumapili tuliamshwa saa kumi usiku na tarumbeta. Sisi Wamoraviani tuna desturi ya kulipokea jua la Pasaka makaburini. Tukajipanga na tochi na miavuli, bibi katikati, tukapanda. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba wapiga tarumbeta walisikika tu, hawakuonekana.

Hapo niseme ile sababu yangu. Mume wangu alifariki mwezi Agosti 2018, wiki tatu kabla ya mgeni kufika. Wengi walinishauri niseme mgeni asije. Nikasema aje, kwa kuwa yeye mume wangu ndiye aliyemwahidi mchungaji chumba, na sikutaka ahadi yake ivunjwe nami. Kwa hiyo ile tarehe 24 ilikuwa Krismasi yangu ya kwanza ya ujane, nami nilikuwa nimejipangia kazi tangu alfajiri hadi usiku ili nisipate nafasi ya kukaa mezani na kuona kiti. Kisha narudi, nakuta meza imepambwa.

Makaburini kwetu husomwa majina ya waliolala tangu Pasaka iliyopita. Mchungaji alipofika jina la mume wangu, miguu yangu ilikataa. Sikuanguka, maana kulikuwa na mkono kwapani mwangu. Binti alikuwa amefunga mwavuli wake, amenishika kwa mikono miwili, mvua inamchuruzika usoni. Hakusema neno. Bibi upande wa pili alisema "ndaga, ndaga," neno letu la pole na la asante pia, na sijui lilikuwa kwangu, kwa mwanawe, au kwa yule binti.

Kulipopambazuka, tukiwa tunateremka, binti akaniambia, "Mama, hii naijua." Kumbe kwao si mbali na Herrnhut, mji mdogo ambako ibada hii ya alfajiri ilianza mwaka 1732, vijana walipopanda kwenda makaburini kwenye kilima cha Hutberg. Hata leo wapiga tarumbeta wa Herrnhut huzunguka mji gizani kuamsha watu. Alikuwa ameishi nasi miezi minane akitafuta kitu kimoja cha kwao kilichobaki salama, akakiona Isongole kwenye matope, na pembeni yake yuko mjane. Aliniambia pia kwamba ile jioni ya tarehe 24 hakujua habari ya mume wangu ilikuwa mpya kiasi kile. Alidhani ni ya zamani, kwa kuwa hakuniona nikilia.

Sikukuu nyingine zilipita kwa wepesi. Ijumaa ya kwanza ya Machi, siku ya maombi ya wanawake duniani, ibada ya mwaka ule iliandaliwa na wanawake wa Slovenia, juu ya karamu ya Luka 14, na binti alisoma sala moja kwa Kiswahili bila kukosea. Mei Mosi alichezea timu ya netiboli ya walimu, wakafungwa. Nane Nane alikwenda Mbeya, viwanja vya John Mwakangale, akarudi na picha za ng'ombe thelathini. Agosti hiyo hiyo akaondoka.

Mtoto wa dada yangu naye akaenda

Tangu mwaka 2013 mpango ule una upande wa pili: vijana wa nchi zetu nao huenda Ujerumani kujitolea kwa mwaka. Mtoto wa dada yangu alikwenda mwaka 2022, akapangiwa kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Kabla hajaondoka nilimwita, nikamweleza habari zote za tarehe 24. Nilijiona mjanja.

Krismasi alinipigia simu. Jioni ya tarehe 24 alikuwa zamu, akiwalisha wazee viazi vya baridi na soseji, akanicheka kwamba angalau hilo alilijua. Lakini tarehe 25 alitoka asubuhi amevaa kitenge chake kipya, tayari kupita nyumba za watu kuwasalimu, akakuta mtaa kimya. Hakuna mtoto, hakuna redio, milango imefungwa. "Mama mdogo," aliniambia, "nilidhani kuna msiba." Kule sikukuu hukaa ndani, na mtu haji bila kualikwa. Na mwaliko alikuwa nao! Mama mmoja wa kanisa alikuwa amempa kadi wiki mbili kabla, akimwomba aseme kama atakuja. Binti wetu aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka ndani ya Biblia. Hakujua kwamba inangojewa jibu. Yule mama naye, asiposikia kitu, alidhani amekataa. Siku ya Boxing Day ndipo walipokutana njiani, wote wawili wakiwa wameumia.

Nimewauliza wenyeji kadhaa wa huku wanafanyaje, na ninaona wanaofaulu ni wale wanaouliza mapema. Mwezi Oktoba au Novemba, kabla sikukuu haijafika, kaa na mgeni wako na kalenda. Mwulize siku gani kwao ni kubwa, inaanza saa ngapi, wanakula nini. Mweleze na zako: Uhuru ni lini, michango ya harusi inatolewaje, kwamba Idd husubiri mwezi kuandama, kwamba kwenye msiba simu hukaa mfukoni, na kwamba zawadi ya mtoto mmoja ni kesi ya mtaa. Kisha mpe kazi. Sijaona mgeni aliyelia huku anapepeta mchele. Na wewe mzazi unayemwaga mtoto kwenda nje, mfungie kitenge na mchele kilo moja kama wataruhusu, lakini mwambie pia kwamba kule kadi hujibiwa.

Mwaka uliofuata kuondoka kwa binti, alitutumia kwa posta bahasha pana. Ndani yake mlikuwa na nyota ya karatasi ya Herrnhut, ile yenye pembe 25, ambayo inasemekana shule ya Wamoraviani waliitengeneza zamani kufundishia hesabu za maumbo. Ilitujia vipande vipande, na kuiunganisha kulituchukua jioni mbili na ugomvi mmoja. Bibi alikataa isitundikwe sebuleni. Iko jikoni juu ya mafiga, nyekundu yake imekuwa kahawia kwa moshi. Kila tarehe 24 ikifika saa kumi, haijalishi nina sufuria ngapi motoni, anakokota kigoda chake hadi mezani na kuuliza viazi vyake vya baridi viko wapi.